Bustani nne, siku nne, watoto watatu: kwa mama anayekwenda Florida

SWALI

“Tunaishi Dar es Salaam. Wifi yangu yuko Atlanta, na tukijaliwa tutakwenda kumtembelea mwezi Desemba au Juni mwakani. Viza tumeshapata, tiketi za ndege bado. Mume wangu amewaahidi watoto Disney World ya Florida. Wa kwanza ni wa kiume, miaka sita, ana selimundu lakini anakunywa dawa zake vizuri na hajalazwa muda mrefu. Wa pili ni wa kike, miaka mitatu na nusu. Wa mwisho atakuwa na miezi tisa. Wifi ametutengenezea ratiba ya bustani zote nne kwa siku nne, toka asubuhi mpaka fataki za usiku, na anasema tulipie ile njia ya haraka ili tusipange foleni. Rafiki yangu mmoja anasema nitatupa pesa kwa sababu wadogo hawatakumbuka kitu. Mwingine anasema nikionyesha cheti cha ugonjwa wa kaka yao tutapitishwa mbele bure. Nimewapima: wa kiume sentimita 110, wa kike 95. Naomba unishauri kama ungemshauri mdogo wako, na uniambie kama ni heri tuache kabisa.”

JIBU

Dada yangu, nimesoma barua yako na naona hofu moja imejificha nyuma ya maswali yote hayo: kwamba mtatumia akiba ya miaka, halafu mrudi na watoto waliochoka, mmoja akiumwa, na wewe mwenyewe usijue ulifurahia nini. Hofu hiyo ina msingi. Mimi ni muuguzi wa watoto, siku hizi napanga safari za familia, na safari nyingi ninazoona zikiharibika huharibikia hapohapo alipoanzia wifi yako. Zinapangwa kwa orodha ya vitu vya kuona. Mtoto wa miaka mitatu ana saa tano, pengine sita, za uchangamfu kwa siku. Zikiisha zimeisha, na hakuna dirisha la tiketi linalouza nyingine.

Wifi simlaumu. Anayeishi Marekani huona ni hasara kusafiri hadi Orlando akaacha bustani hata moja. Ila mpe picha ya ukubwa wa mahali penyewe. Eneo lote la Walt Disney World ni kama kilomita za mraba 100, na bustani zake nne zimejengwa kwa nyakati tofauti, kila moja na geti lake: Magic Kingdom mwaka 1971, EPCOT 1982, Hollywood Studios 1989 na Animal Kingdom 1998. Magic Kingdom, ambayo ndiyo watoto wako wanayoiota, hata ukienda na gari huegeshi mlangoni. Unaegesha ng'ambo ya ziwa, kisha unapanda kivuko au treni ya reli moja. Ukiwa na kigari cha mtoto, begi la pampasi na binti anayetaka kubebwa, hesabu dakika 45 toka kuzima gari mpaka kuingia ndani. Hiyo ni asubuhi. Jioni ni hivyohivyo kurudi, safari hii wote wakilia.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kupunguza. Kwa umri wa wanao, nunueni tiketi za siku tatu: Magic Kingdom mara mbili, Animal Kingdom mara moja, na katikati siku moja au mbili za kulala, kuogelea hotelini na kutembea tu. Tiketi ya siku tatu haikulazimishi kuingia siku tatu mfululizo. Hupewa siku kadhaa za kuitumia, na bei ya kila siku hushuka kadiri unavyonunua siku nyingi. EPCOT na Hollywood Studios ziacheni. Zina mambo mazuri, lakini mengi ni ya watoto wakubwa kidogo na watu wazima. Mdogo hatalipa, kwa kuwa walio chini ya miaka mitatu huingia bure. Binti atalipa bei ya mtoto, yaani miaka 3 hadi 9, na usitegemee nafuu kubwa hapo: ni pungufu kidogo tu kuliko ya mtu mzima.

Sasa Desemba au Juni. Juni Florida ni joto la kukaribia nyuzi 33 lenye unyevu kama wa kwetu mwezi wa pili, na mchana karibu kila siku hujengeka mvua ya radi. Radi ikikaribia, michezo mingi ya nje hufungwa, na watu wote waliokuwa nje huingia kwenye foleni za ndani kwa mpigo. Desemba mchana ni kama nyuzi 22, asubuhi na usiku huweza kushuka hadi 10. Kwa ajili ya kaka yao mwenye selimundu ningechagua Desemba, nitaeleza sababu huko mbele, lakini wiki mbili za kwanza, shule zikishafungwa tu. Kati ya Krismasi na Mwaka Mpya msiende. Ni wiki yenye watu wengi kuliko zote na tiketi zake ndizo ghali zaidi.

Kuna siri moja ya Desemba ambayo wenye watoto wadogo wanapaswa kuijua. Usiku fulani wa mwezi huo Magic Kingdom hufanya sherehe ya Krismasi yenye tiketi yake tofauti, na wenye tiketi ya kawaida hutakiwa kutoka saa kumi na mbili jioni. Watu wengi huzikwepa siku hizo kwa sababu hawataona fataki, na hivyo mchana wake huwa na nafasi. Wanao saa kumi na mbili watakuwa wamesinzia hata hivyo. Angalieni kalenda, mchague siku mojawapo ya hizo.

Nasema watasinzia kwa sababu ya saa. Desemba, Dar iko mbele ya Florida kwa saa nane. Fataki za saa mbili usiku kule, kwa mwili wa mtoto aliyetoka Tabata au Mbezi ni saa kumi alfajiri. Saa ya mwili husogea kwa takriban saa moja kila siku, hivyo siku za kwanza Atlanta wataamka usiku wa manane wakidai chai. Kaeni kwa wifi siku nne au tano kwanza. Mkifika Orlando bado watakuwa wanaamka saa kumi au kumi na moja alfajiri, na hapo mtakuwa na kitu ambacho familia za Kimarekani hukipata kwa kugombana na watoto kitandani: mtakuwa getini kabla ya kufunguliwa.

Faida ya kuwahi ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kila mchezo una idadi ya viti ambayo haibadiliki: kwa saa moja hubeba watu kadhaa, basi. Asubuhi wanaoingia bustanini ni wachache kuliko viti, kwa hiyo unatembea moja kwa moja. Kadiri saa nne na saa tano zinavyofika, wanaoingia huzidi viti, na ziada hiyo haipotei. Inarundikana, kama pipa linalojazwa kwa ndoo huku bomba lake la kutolea ni lile moja jembamba. Ndiyo maana foleni ya saa saba mchana haipungui hata kama watu wameacha kuingia. Inasubiri ziada ya asubuhi iishe, na haiishi mpaka watu waanze kwenda kula na kulala. Saa mbili za mwanzo zinaweza kukupa michezo mingi kuliko saa tano za mchana. Ingieni mapema, nendeni kwanza kwenye Peter Pan's Flight, ambako foleni hukua haraka, halafu Dumbo na wenzake wa jirani. Ikifika saa sita tokeni, hata kama kila mtu anawashangaa.

Na ile njia ya kulipia? Tangu Julai 2024 inaitwa Lightning Lane Multi Pass. Inafanya kazi kweli, lakini haiongezi viti. Inachukua sehemu kubwa ya viti vilevile na kuwapa waliolipa, ndiyo maana foleni ya kawaida wakati mwingine husimama kabisa ukiwa umekaribia mlango. Hulipiwa kwa kila kichwa na kwa kila siku, kuanzia miaka mitatu, na bei hupanda siku zenye watu wengi. Mkienda mwanzoni mwa Desemba na kuwahi, sioni sababu ya kuilipia siku zote. Kama roho ya baba yao haitatulia, ilipieni siku moja tu ya Magic Kingdom. Wanaolala hoteli za Disney wanaweza kuchagua nafasi siku saba kabla, wengine siku tatu kabla, kuanzia saa moja asubuhi kwa saa za Florida.

Nije kwenye urefu, maana hapa ndipo machozi yanapotoka. Kwetu tumezoea kumwambia mhudumu, “Mwache tu, nitamshika.” Huko hakuna mazungumzo hayo. Kile kizuizi kinachoshuka mapajani kimetengenezwa kwa mwili wa urefu fulani. Mtoto mfupi hakimbani nyonga sawasawa, na gari likikata kona kwa kasi mikono ya mzazi haina nguvu ya kuzuia kinachotokea. Urefu ni kipimo cha haraka cha kama kizuizi kitamshika. Binti yako mwenye sentimita 95 ataruhusiwa kigari kidogo cha relini kinachoitwa The Barnstormer, ambacho kinaanzia 89, lakini atakataliwa Seven Dwarfs Mine Train kinachoanzia 97. Kaka yake mwenye 110 atapanda hicho cha pili, ila atakosa Space Mountain kwa sentimita mbili tu, maana inataka 112. Mwambieni akiwa bado Dar. Mpigieni alama ukutani aone mwenyewe. Mtoto anayejua mapema hununa nyumbani, na ni nafuu sana kuliko kununa baada ya kusimama dakika 50. Viatu vya soli nene havisaidii, na kama vingesaidia ningekukataza.

Dumbo, Peter Pan's Flight, mashua za “it's a small world” na farasi wa kuzunguka havina kikomo cha urefu. Mnapanda nyote, na mdogo anapakatwa. Ukimbeba kwa mbeleko mgongoni, ukifika kwenye kiti mlete mbele.

Kwa michezo inayowakataa wadogo kuna utaratibu wa bure wa kubadilishana zamu, Rider Switch, na huhitaji kulipia njia ya haraka ili kuupata. Mnamwambia mhudumu mlangoni. Mume wako anapanda na kijana, wewe unabaki na wadogo, kisha unapanda wewe bila kuanza foleni upya, na mara nyingi kijana anaruhusiwa kurudia pamoja nawe. Wifi akiwapo ndio raha zaidi: mtu wa tatu mzima ni bora kuliko Lightning Lane yoyote.

Kuhusu Animal Kingdom, najua utacheka. Mle ndani kuna kijiji cha kubuni kiitwacho Harambe, chenye mabango ya Kiswahili, na kutoka hapo magari hupeleka watu kuangalia twiga, tembo na simba. Mtu atoke Tanzania akaone twiga Florida? Mikumi mnaifika kwa barabara ya Morogoro, na twiga wake hawahitaji viza. Bado naipendekeza kwa sababu za kimama kabisa: magari hayo hayana kikomo cha urefu, mnakaa wote gari moja, mnakaa kitako dakika 20 hivi kwenye upepo, na kijana wako wa miaka sita atakuwa pengine mtu pekee garini anayeyaelewa mabango. Nendeni asubuhi wanyama wakiwa macho, mkimaliza rudini hotelini. Nusu siku inatosha.

Chakula mnaruhusiwa kuingia nacho, mradi hakuna chupa za kioo wala barafu ya vipande. Chapati za wifi ziingie begini. Maji ya baridi kwenye vikombe mnapewa bure kwenye kaunta za chakula cha haraka, ombeni tu. Kila bustani ina kituo cha watoto wachanga chenye sehemu tulivu ya kunyonyeshea, meza za kubadilishia na mahali pa kupasha chakula. Kitafuteni kwenye ramani mkiingia, kabla hamjakihitaji.

Jambo moja la khanga. Najua ina kazi elfu, lakini usiifunike juu ya kigari ili mtoto alale. Hewa haipiti, joto linajikusanya ndani, na mtoto mchanga hupata joto haraka kuliko wewe kwa sababu ngozi yake ni kubwa kulinganisha na uzito wake. Mnaweza kuwa nje kumepoa na yeye ndani anachemka. Tumia paa la kigari, kofia, na kivuli cha kweli.

Binti yako anaweza kuwaogopa wale wahusika waliovaa vichwa vikubwa, hata kama anawapenda kwenye televisheni. Kwa umri wake, kinachoonekana na kilicho kweli bado havijatengana vizuri kichwani. Usimsukume kwa ajili ya picha. Simameni mbali, mwacheni aangalie wengine, na akikataa imekataliwa.

Kupotea ni jambo ambalo sisi tuna faida nalo: vaeni sare ya kitenge. Namwona mtoto wa kitenge toka mbali kwenye bahari ya fulana za Mickey. Andika namba ya simu ya wifi yenye laini ya Marekani mkononi mwa kila mtoto, wapige picha kila asubuhi na nguo walizovaa, na umfundishe kijana kutaja majina yako mawili, maana akisema anamtafuta “mama” hajasaidia mtu. Mwonyesheni wafanyakazi wanavyovaa beji ya jina kifuani. Huyo ndiye wa kumfuata.

Rafiki yako wa kumbukumbu ana hoja, sitamkatalia. Watu wazima wengi hawakumbuki karibu chochote cha kabla ya miaka mitatu na nusu hivi. Mdogo hatakumbuka, binti huenda akabaki na vipande. Kijana wa miaka sita atakumbuka. Kama pesa ni za kubana sana na safari hii ni ya mara moja maishani, kuisogeza miaka mitatu ni uamuzi wa busara: binti atakuwa amevuka urefu wa karibu kila kitu, na mdogo hatahitaji pampasi. Ila atalipiwa tiketi. Kama mnakwenda Atlanta kwa vyovyote na mnamudu, siku tatu mlizozipunguza hazitawafilisi.

Huyo mwingine wa cheti amekosea. Utaratibu wa Disney wa kutosubiri ndani ya foleni, tangu 2024, umeelekezwa kwa wenye hali za ukuaji kama usonji, na huombwa kwa mahojiano ya video. Selimundu peke yake usiitegemee kukufungulia njia. Mnachoweza kufanya ni kuwauliza wahudumu wa wageni namna ya kutoka foleni na kurudi mtoto akihitaji choo au maji, kwa sababu atakunywa sana na atakwenda choo sana.

Sasa kijana mwenyewe. Chembe zake nyekundu hugeuka umbo na kunasa kwenye mishipa midogo hasa anapopungukiwa maji, anapochoka mno au anapopata baridi au joto la ghafla. Siku ya bustani ya burudani inaweza kuleta yote hayo kwa pamoja. Juni ingemnyang'anya maji. Desemba hatari yake ni ubaridi wa asubuhi, na hiyo inazuilika kwa sweta, soksi na kofia. Maji anywe kwa ratiba, asisubiri kiu. Michezo inayolowesha, kama Tiana's Bayou Adventure, kwa Desemba iacheni. Bwawani aingie maji yakiwa ya uvuguvugu, atoke kabla hajatetemeka, akaushwe na kuvalishwa papo hapo. Kwenye ndege, na kwenye barabara ya Atlanta hadi Orlando ambayo ni kama kilomita 700, anyooshe miguu kila saa mbili na asinyimwe maji kwa kuogopa kusimama njiani. Wote watatu wawe kwenye viti vyao vya gari, kijana wa miaka sita pia. Sheria ya Georgia, jimbo la Atlanta, inamhusu mpaka afikishe miaka minane.

Hapa ndipo maandishi yangu yanapoishia na kliniki inapoanza. Wiki sita kabla ya safari mpeleke kwa daktari wake wa selimundu. Omba apime damu, na apapase bandama: likiwa limevimba, vizuizi vya mapajani na mitikisiko si vya kwake, hata kama urefu unatosha. Omba barua ya Kiingereza yenye jina la ugonjwa, kiwango chake cha kawaida cha damu, dawa na vipimo vyake. Chukua dawa za safari nzima pamoja na za wiki moja ya ziada, zikae kwenye mkoba wa mkononi, kamwe zisiingie sanduku linalokabidhiwa. Na nunua bima ya safari inayosema kwa maandishi kwamba inagharamia ugonjwa aliokuwa nao kabla. Nyingi haziugharamii, na usiku mmoja wa hospitali Marekani unaweza kupita gharama ya safari yote. Kama hamwezi kupata bima ya namna hiyo, hiyo kwangu ndiyo sababu pekee ya kweli ya kuahirisha.

Mkiwa kule, homa ya nyuzi 38.5 au zaidi haingojei asubuhi, hata kama anacheza. Vivyo hivyo kifua kuuma au kupumua kwa shida, tumbo kuvimba upande wa kushoto, kupauka ghafla, mkono au mguu kulegea, au maumivu yasiyotulia kwa dawa mliyopewa. Orlando ina hospitali za watoto, miongoni mwao Nemours na Arnold Palmer. Wifi aziweke kwenye ramani ya simu kabla hamjaondoka Atlanta, na namba ya dharura ni 911. Ndani ya bustani kuna vituo vya huduma ya kwanza, mhudumu yeyote atawapeleka. Na ikitokea asubuhi ya Magic Kingdom kijana akaamka anasema mguu unamuuma, hiyo ndiyo siku yenu ya kupumzika. Mume wako aende na binti na wifi, wewe baki naye, maji na dawa karibu. Mnayo siku nyingine ya Magic Kingdom, na ndiyo maana nimekwambia mnunue mbili.